Kaburi Lililoandikishwa Kabla ya Mji

Mama mzee aliyekuwa akituongoza alitukabidhi ndoo ya maji safi, brashi ya plastiki yenye nywele laini na kijiti cha mti, kisha akatupa masharti. Sabuni hapana. Klorini hapana. Brashi ya waya hata usiitaje. Marumaru ya miaka ya 1850, alisema, imeshakuwa kama sukari guru: ukiisugua kwa nguvu, herufi zinaondoka na maji.

Tulikuwa kwenye makaburi ya ukoo mmoja wa walowezi magharibi mwa Illinois, kwenye kilima kidogo kilichozungukwa na mahindi na soya. Mimi nilikuja kwa kujitolea. Shemeji yangu alikuja kwa sababu gari ni lake. Jiwe nililopewa lilikuwa la mtoto. Kuvu ilipoachia ikatokea tarehe, halafu umri, umechongwa kama walivyozoea wakati ule: mwaka, miezi, siku.

"Walihesabu mpaka siku," shemeji akasema.

Nyuma ya safu yetu kulikuwa na mawe mengine, ya kawaida kabisa, yasiyochongwa, yamezama nusu kwenye nyasi. Shemeji akainama alivute moja lisije likavunja mashine ya kukatia nyasi. Yule mama akamwita kwa sauti ambayo sikutarajia itoke kifuani mwake.

"Liache hapo! Hapo kuna mtu."

Tukatazama vizuri. Mawe yalikuwa yamekaa mawilimawili. Kubwa upande wa magharibi, dogo upande wa mashariki, na katikati nafasi ya urefu wa mtu. Baadhi ya jozi nafasi yake ilikuwa fupi.

Wiki nyingi zimepita na bado naziona zile nafasi fupi.

## Kifo hakikusubiri kanisa

Tumezoea kuyafikiria makaburi kama jambo la mwisho mwisho katika historia ya mahali. Kwa watu waliohamia nyika za Amerika Kaskazini ilikuwa kinyume. Kanisa lilisubiri mpaka watu wawe wengi. Shule ilisubiri mpaka apatikane mwalimu. Kifo hakikusubiri kitu. Mabonde ya mito Illinois na Mississippi yalijaa malaria, na kipindupindu kilipita mwaka 1832, kikarudi 1849. Familia iliyofika majira ya kuchipua iliweza kuwa na kaburi kabla haijawa na mlango wa mbao.

Mahali pa kuzika palichaguliwa kwa akili ya mkulima. Kilimani, ambako maji hayatuami. Kilimani pia ndiko udongo ulikuwa haba kuliko bondeni, hivyo shamba halikupungukiwa. Marehemu alilazwa kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akilitazama jua. Kando yake ulipandwa mwerezi, na mara nyingi mmea mmoja wa kutambaa wenye ua la buluu, ambao haukauki hata wakati wa theluji. Leo mtafiti akiukuta mmea huo umetanda msituni, mahali pasipo na dalili ya nyumba, anasimama na kuanza kutafuta mabonde madogo ardhini. Mara nyingi anayapata, kwa sababu sanduku la mbao likioza udongo wa juu hushuka.

Kibao cha mbao nacho huoza. Hayo mawe ya shambani ndiyo yaliyobaki kwa wale ambao hawakumudu mchongaji.

Na kumbukeni kwamba Illinois ilianza kuandikisha vifo kwa mfumo wa jimbo zima mwaka 1916. Kabla ya hapo, kwa watu wengi wa mashambani, ushahidi kwamba waliwahi kuishi ulikuwa ukurasa wa Biblia ya nyumbani au jiwe. Biblia zikaungua na nyumba. Tumebaki na mawe.

## Bei ya Lucy

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma habari za walowezi wa pande zile, na sikufika mbali kabla sijakwama kwa mtu mmoja. Nimekwama kwake hadi leo.

Aliitwa Frank. Alizaliwa utumwani Carolina Kusini mwaka 1777. Mama yake, Juda, alikuwa ametolewa Afrika Magharibi. Mwaka 1795 bwana wake akamhamishia Kentucky, Kaunti ya Pulaski, na huko mwaka 1799 Frank akamwoa Lucy, mtumwa wa jirani. Sheria haikuitambua ndoa hiyo. Kila mmoja aliendelea kuwa mali ya mtu tofauti.

Bwana wake alimruhusu kujikodisha: afanye kazi popote, alete kiasi walichopatana, kinachozidi kiwe chake. Frank akaingia kwenye shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ambayo mapango ya Kentucky yalikuwa nayo tele. Vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza vikaipandisha thamani yake. Kwa hiyo mchana alikuwa mali ya mtu, na muda uliobaki alikuwa mfanyabiashara.

Mwaka 1817 alikuwa ameweka dola 800.

Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini. Mimi, kwa akili yangu ya haraka, ningejinunua mwenyewe kwanza. Mtu huru anapata ujira wote, hakatwi. Angejinunua, akafanya kazi mara mbili, kisha akamkomboa mkewe. Hesabu inakubali.

Yeye alimnunua Lucy.

Sababu ni sheria. Mtoto alifuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni huru. Na Lucy alikuwa mjamzito. Dola 800 zile hazikununua mtu mmoja, zilinunua wawili, na zilifunga mlango ambao watoto wengine wote wangepitia. Squire alizaliwa huru. Miaka miwili baadaye, 1819, Frank akatoa dola 800 nyingine akajitoa mwenyewe.

Lakini watoto waliozaliwa kabla ya 1817 walibaki utumwani. Unaweza kuwa huru, mkeo huru, mdogo wenu amelala kitandani huru, na kaka yake yuko shamba la pili akiwa na bei. Mmoja wao, Frank mdogo, alitorokea Kanada. Mwaka 1829 baba yake akatoa kiwanda chake cha shura, chote, kama malipo ya uhuru wa huyo kijana ili aweze kurudi kwa wazazi wake.

Mwaka 1830 wakahama Kentucky na watoto waliokuwa huru. Wengine waliachwa nyuma, kwa kuwa bado hawakuwa wao.

## Ardhi ya vita vilevile

Frank alinunua ekari 160 katika Kaunti ya Pike, Illinois, kati ya mito Illinois na Mississippi. Kipimo hicho hakikuja kwa bahati. Eneo lile lote serikali ilikuwa imelitenga kwa ajili ya askari waliopigana vita vya 1812, kila mmoja ekari 160. Wengi hawakutaka kwenda kuishi nyikani, wakauza hati zao. Frank, aliyechimba chumvi ya baruti ya vita hivyo akiwa mtumwa, aliishia kulima ardhi iliyotengwa kuwa zawadi kwa wapiganaji wake. Sijasoma popote kwamba yeye mwenyewe aliliona hilo, lakini mtu aliyeweka hesabu kama zake sidhani lilimpita.

Illinois haikuwa peponi, maana wapo wanaodhani kila aliyevuka kwenda kaskazini alikuwa amefika. Mtu mweusi aliyetaka kukaa alidaiwa dhamana ya dola 1,000. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mtu mweupe mahakamani. Mwaka 1853 jimbo likapiga marufuku kabisa watu weusi kuhamia. Na ng'ambo ya Mississippi kulikuwa Missouri, jimbo la utumwa, pamoja na watekaji waliovuka kuja kutafuta watu wa kuuza.

Katika mazingira hayo, mwaka 1836, Frank alipima ekari 42 akazikata viwanja 144, akauandikisha mji. Akauita New Philadelphia. Ndio mji wa kwanza unaojulikana Marekani kupangwa na kuandikishwa kisheria na mtu mweusi, miaka 25 kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria ya kumpa jina kamili, Frank McWorter, na pamoja na jina haki ya kushtaki na kushtakiwa, kununua na kuuza.

Walionunua viwanja walikuwa weusi na weupe. Sensa ya jimbo ya 1865 ilihesabu watu wapatao 160. Fundi viatu, mhunzi, duka, shule.

Na fedha ya viwanja ilikwenda wapi? Ilikwenda Kentucky.

Kila kiwanja kilikuwa na bei kwa sababu kila mtoto alikuwa na bei. Mtu akija kununua kona ya barabara ya New Philadelphia, alikuwa, ajue asijue, anachangia kumtoa binti au mjukuu wa McWorter. Frank alifariki mwaka 1854 akiwa na miaka 77, na katika wosia wake akaacha maagizo kwamba mali itumike kuwakomboa waliobaki. Squire na mdogo wake Commodore wakafariki mwaka uliofuata. Kazi ikabaki kwa mwanawe mwingine, Solomon, ambaye mwenyewe alikuwa amenunuliwa. Kufikia 1857 waliokombolewa walikuwa watu 16, Frank mwenyewe akiwemo, kwa jumla ya dola zinazokaribia 14,000.

Makaburi ya ukoo yalikuwa nje ya ramani ya mji. Hayakuwa miongoni mwa vile viwanja 144.

## Shemeji hakubali

Jambo hilo la mwisho lilinisisimua sana, nikamweleza shemeji kwa simu. Nikamwambia, unaona, mtu huyu aliuza kila kitu isipokuwa mahali pa kuzikia. Ilikuwa sehemu pekee ya ardhi yake isiyo na bei.

"Shemeji, umeanza hadithi," akanijibu. "Alizikwa shambani kwake kama mkulima yeyote wa wakati ule. Hata huyo mtoto uliyemwosha jiwe, si alizikwa shambani kwao? Unataka McWorter awe nani tena?"

Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa nikitafuta pa kulipinga.

Nikaona hapana haja ya kulipinga. Kuzikwa shambani kwako kama mkulima yeyote ndicho kitu ambacho mtumwa hakuwa nacho. Watumwa walizikwa kwenye ardhi ya bwana, aghalabu pembeni, chini ya mawe yaleyale ya shambani au bila jiwe kabisa. Bwana akiuza shamba, makaburi yaliuzwa pamoja nalo. Bwana akihama, watumwa walihamishwa, na aliyemzika mamaye jana hakujua kama atarudi kulitazama kaburi. Alichofanya McWorter ni kuwa wa kawaida. Kwa wengine hilo ni jambo la kuzaliwa nalo. Yeye alilifanyia kazi miaka mingi.

Kwa hiyo shemeji ana haki, na mimi pia nina haki yangu kidogo. Tumeishia hapo.

## Reli

Sehemu hii nitaipita haraka kwa kuwa imetokea kwa mamia ya miji. Mwaka 1869 reli ikajengwa. Ilipofika jirani na New Philadelphia ilipinda kaskazini, ikauacha mji pembeni. Kuna wataalamu waliopima mteremko wa ardhi na kuona kwamba kupita karibu na mji kulikuwa rahisi kuliko kuuzunguka; nawaamini, na nadhani sababu haihitaji kuandikwa. Biashara ikahamia kwenye stesheni. Mwaka 1885 sehemu kubwa ya mji ikafutwa kisheria ikarudi kuwa shamba. Nyumba zikabomolewa au zikahamishwa. Plau ikapita juu ya barabara.

Lucy alikuwa amefariki mwaka 1870, na jamaa zake wanahesabu kwamba alikaribia miaka mia moja. Alizikwa kilimani.

## Utaratibu uliogeuka

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Marekani ina Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Kanuni zake zinasema kwamba kwa kawaida makaburi hayaingizwi. Ni busara, la sivyo kila mji ungeomba kaburi la mwanzilishi wake liingie. Lakini kuna nafasi ndogo imeachwa. Kaburi la mtu linaweza kukubaliwa ikiwa alikuwa na umuhimu wa pekee, na ikiwa hapajabaki mahali pengine panapofaa kueleza maisha na kazi yake.

Soma tena hiyo sehemu ya mwisho.

Mwanahistoria Juliet E. K. Walker, ambaye ni kilembwe wa Frank, alichapisha utafiti wake juu ya maisha ya babu huyo mwaka 1983. Mwaka 1988 kaburi la Frank McWorter likaandikishwa. Kaburi, wala si mji. Kwa macho ya wakati huo mji haukuwapo: kulikuwa na shamba, majani na barabara kuu ikipita karibu. Mtu aliyepima viwanja 144 aliingia kwenye rejista ya taifa kupitia kile kipande alichokiacha nje ya ramani.

Miaka kumi na minne ikapita. Mwaka 2002 wanaakiolojia, wakiwa na wanafunzi na watu wa vijiji jirani, walianza kutembea juu ya shamba hilo wakiinama na kuokota. Misumari, vipande vya sahani, vioo vya chupa, mifupa ya nguruwe. Waliweka bendera ndogo kila walipookota kitu, na bendera zilipozidi zikaanza kujikusanya, palepale ambapo ramani ya 1836 ilionyesha nyumba. Kisha wakachimba, wakakuta misingi na mashimo ya kuhifadhia chakula chini ya kina cha plau. Waliilinganisha mitaa, wakitafuta tofauti kati ya vyombo vya nyumba za weusi na vya nyumba za weupe, na kwa sehemu kubwa walikuta watu walionunua sahani zilezile.

Mwaka 2005 eneo la mji likaingia kwenye rejista, miaka 17 nyuma ya kaburi. Mwaka 2009 likapandishwa kuwa alama ya kihistoria ya kitaifa. Desemba 2022 likawa chini ya idara ya hifadhi za taifa.

Najiuliza kingetokea nini kama kile kilima nacho kingelimwa. Vitabu vingekuwepo, hati za kaunti zingekuwepo. Lakini nimeanza kuamini kwamba watu huanza kutafuta mji pale wanapokuwa na mahali pa kusimama, na kwa zaidi ya karne moja mahali pa kusimama palikuwa makaburini. Wajukuu wa ukoo ule hawakuwa na nyumba ya kurudia. Walikuwa na mawe.

## Nyasi ndefu

Kuna ugomvi mmoja wa makaburi ya walowezi ambao sikuujua, na nimeupenda kwa sababu pande zote mbili zina hoja.

Mwaka 1837, mwaka uleule McWorter alipopewa jina lake na bunge, mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma kilichong'arishwa huko Grand Detour, Illinois. Udongo wa nyika ulikuwa mzito na wa kunata, ukizigandia plau za zamani mpaka mkulima asimame kuzikwangua. Plau mpya ilijisafisha yenyewe. Nyika ya nyasi ya Illinois, ekari zipatazo milioni 22, ikageuzwa mashamba katika maisha ya mtu mmoja. Iliyobaki katika hali yake ya asili leo ni ekari elfu mbili na ushee.

Na kipande kizuri cha hiyo iliyobaki kiko makaburini. Plau haikuthubutu kuingia. Pale Loda, pale Weston, na kwenye makaburi ya Prospect huko Paxton, wataalamu wa mimea wanakwenda kuona maua ambayo kaunti nzima haina tena. Mizizi yake inashuka chini kuliko masanduku.

Sasa: ukitaka nyasi hizo ziishi, usizikate. Zichome moto kila baada ya muda, kama moto wa nyikani ulivyofanya zamani. Lakini mjukuu wa marehemu anapofika akakuta kaburi la babu yake limefunikwa na majani ya kifuani, yaliyoungua nusu, anaona ukoo wake umetelekezwa. Anataka majani mafupi, ya kijani, yaliyokatwa Jumamosi. Na mtaalamu naye anaona mashine ya kukatia nyasi ikimaliza kwa mchana mmoja kilichosalimika miaka mia mbili.

Ningeulizwa, ningesimama na mjukuu. Najua ni jibu la moyo. Ila ningemwomba aache ukanda mmoja wa pembeni, ule wa mawe yasiyo na majina, ambako mashine huvunja mawe kila mwaka na hakuna wa kulalamika. Hapo nyasi ziote.

## Wasiokuwa kilimani

Nilidhani makala ingeishia hapo. Lakini jambo moja lilizidi kunisumbua: tunawaita watu hawa wa kwanza. Jiwe linasema mwanzilishi, kibao cha barabarani kinasema mwanzilishi. Mwaka 1832, familia ya McWorter ikiwa na msimu mmoja tu shambani, jeshi na wanamgambo walikuwa kaskazini mwa jimbo hilohilo wakiwafukuza Wasauk na Wafox, Wenyeji wa Amerika walioongozwa na Black Hawk, waliovuka Mississippi kurudi kwenye ardhi yao. Miongoni mwa sababu za watu hao kurudi ilikuwa mahindi yao, na makaburi ya wazee wao.

Mto Illinois una vilima vya makaburi ya kale kila upande. Kimoja kiko Dickson Mounds, Kaunti ya Fulton, si mbali na Pike. Mwaka 1927 mtu wa familia iliyomiliki shamba hilo alikifukua. Hakutoa mifupa, aliiacha ilivyolala, akajenga paa juu yake na kuwaingiza watazamaji. Baadaye jimbo likainunua sehemu hiyo na kuifanya makumbusho. Watu zaidi ya mia mbili walilala wazi, wanawake na watoto wao, watoto wa shule wakipita juu wakichungulia. Baada ya maandamano ya miaka, Wenyeji wa Amerika wakidai wazee wao wafunikwe, ukumbi ule ulifungwa mwaka 1992.

Linganisha miaka. Mwaka 1988 kaburi la mtu mmoja ndani ya Illinois linatambuliwa na taifa zima, na ni haki yake. Mwaka huohuo, ndani ya jimbo hilohilo, makaburi ya watu wengine yamewashiwa taa ili mgeni aone vizuri.

Siwezi kuvitenganisha tena hivi viwili. Kwenye simu shemeji ameniuliza sasa nataka kumlaumu McWorter kwa ajili ya Dickson Mounds, au nataka nini. Simlaumu. Nasema tu kwamba hati ya ekari 160 ilikuwa safi kwa sababu kuna watu walikuwa wameshaondolewa juu yake, na mtu aliyejua kuliko wote maana ya kuhamishwa kwa nguvu ndiye aliyeinunua. Sina hakika kama angekaa kulijadili hilo na mimi. Alikuwa na safari za Kentucky. Solomon alitoka mwaka 1835 kwa dola 550. Binti yake Sarah alitoka mwaka 1843, na bei yake ilikuwa imefika 950.